Kidirisha cha Tiketi, Tabora

Kioo kilipakwa rangi nyeupe zamani,
sijui na nani, wala kwa nini.
Wakaacha tundu chini, upana wa sahani,
na kupitia hapo, miaka kumi na mmoja,
nimejuana na watu kuanzia kucha hadi kiwiko.

Sauti sizitegemei. Sauti hupotea
kati ya toroli la mizigo na muuza karanga,
na mtu akisema "Kaliua, mmoja,"
amesema hilo tu.
Vidole ndivyo vinavyotia chumvi.

Noti iliyokunjwa mara nne,
ikakunjuliwa taratibu kama bandeji juu ya kidonda:
huyo hakuaga nyumbani.
Noti iliyotupwa: huyo ana mtazamaji nyuma yake.
Na yupo mama mmoja wa Isevya
aliyekata tiketi ya Mwanza huku kidole gumba
kikisugua pete, kikisugua,
nikajua kabla ya treni kupiga honi kwamba atarudi.
Akarudi, akaomba fedha yake.
Sikumuuliza kitu.
Mkono wa pete ulikuwa umenyamaza.

Anayeshika tama, shavu lake silioni.
Naona kiwiko tu, kimesimikwa ukingoni
kama nguzo ya boma,
na uso ulioko juu yake naujaza mwenyewe.

Nilijisifu, nisiseme uongo.
Nilimwambia Mihayo wa mizigo:
"Nifiche nyuso zote za dunia, niachie viganja."
Akabetua midomo.
Na hilo nililisoma.

Kisha Jumanne moja ya masika ikaja ngumi.
Ngumi ya mwanamume, utomvu wa tumbaku mweusi kwenye kucha,
imewekwa pale tunduni,
haitoi fedha, haitaji kituo,
mishipa imesimama kama mizizi barabarani.
Hasira, nikasema moyoni. Hasira ya mtu aliyedhulumiwa kwenye mizani.
Mguu wangu ukaanza kuitafuta kengele ya askari chini ya meza.

Ngumi ikafunguka kwa shida,
mlango uliovimba kwa mvua.
Ndani, kikaratasi.
Kimelowa jasho hadi herufi zimekuwa wingu la bluu.
Aliandikiwa kituo chake na mtu,
akakibana njia nzima kutoka Sikonge
asije akakiangusha,
na kule kukibana ndiko kulikokifuta.

"Nisomee," akasema.

Mimi, msomaji.

Nikatoka. Kwa mara ya kwanza
nikazunguka mlango wa nyuma nikaenda upande wao.
Mkono ulikuwa bado unatetemeka,
na juu yake, uso unatabasamu:
tabasamu pana, la meno yote, lisilo na mtu wa kulipokea.
Nimwamini nani kati ya ndugu hawa wawili?
Huku kwetu mtu hucheka msibani ili asianguke,
na hulia harusini
kwa sababu hiyo hiyo.

Nikaacha mkono, nikaacha uso,
nikamtajia vituo kama anayeita majina ya watoto usiku:
Urambo.
Kaliua.
Usinge.
Nguruka.
Mabega yakashuka.

Nikampa Nguruka.
Hakusema kuna nini huko.
Kaburi, mchumba, deni, ndugu wa mama,
sikuyadai mabega yake yaendelee.
Alikunja tiketi, akaitia kwenye ngumi ileile,
akaenda kusubiri amesimama, ingawa benchi lilikuwa tupu.

Nikarudi kitini. Nikagonga muhuri, nikagonga muhuri.
Mihayo akapita na toroli lake,
akasimama, akategea sikio.
"Dada Nyamizi," akasema, "leo muhuri wako
unabisha hodi
kama mtu aliyesahau nyumba ni ya nani."

Nikauficha mkono wangu chini ya meza.